KURA 21,276: RAIS WA KWANZA NA WALIOMPINGA

Somo la historia katika redio, kwa madarasa ya kisomo cha watu wazima, pwani ya Kilwa na Lindi

Ninyi mliokaa darasani mbele ya redio, sikilizeni vizuri. Nawe uliyekosa kipindi, unayeisoma karatasi hii peke yako jioni, soma polepole, maana leo tuna hesabu ya kufanya.

Chukueni daftari. Andikeni namba hii: 1,127,978. Chini yake andikeni hii: 21,276. Mwalimu wa darasa naye aziandike ubaoni, kubwa, ili hata aliyekaa nyuma azione. Namba ya kwanza ni kura alizopata Julius Kambarage Nyerere katika uchaguzi wa Rais wa Tanganyika uliofanyika tarehe 1 Novemba 1962. Namba ya pili ni kura alizopata mtu aliyesimama kushindana naye, Zuberi Mtemvu. Jumlisheni. Mkifanya sawasawa mtapata 1,149,254.

Namba kubwa namna hii ni vigumu kuziona kwa macho ya akili. Basi tuzifanye ndogo. Fikirini wapiga kura 100 wamepanga mstari kwenye gati la Kilwa Masoko. Mmoja anapiga kelele: "Wa Nyerere wasimame kulia, wa Mtemvu kushoto!" Kulia watakwenda watu 98. Kushoto watabaki wawili, na ukiipiga hesabu barabara hata hao wawili hawatimii.

Sasa swali la leo ni hili. Je, kweli katika kila watu 100 wa Tanganyika ya mwaka ule, 98 walikuwa na maoni mamoja juu ya namna nchi iendeshwe? Mtu mwenye haraka atasema ndiyo, namba zimesema. Mimi nasema sivyo. Kura ni kitu kimoja na maoni ni kitu kingine, na Rais wa kwanza alipoanza kazi yake tofauti hiyo ilikuwa kubwa kuliko namba zinavyoonyesha. Nitajaribu kuwaeleza kwa nini.

Kwanza tumjue Mtemvu, maana vijana wengi hawajapata kulisikia jina lake. Huyu hakuwa mgeni aliyetoka mbali akaja kuipinga TANU. Alikuwa mtu wa ndani, mmoja wa watumishi wa mwanzo wa chama hicho. Aliachana na wenzake kwa sababu ya jambo lililoamuliwa Tabora mwezi wa Januari 1958. Serikali ya Waingereza ilikuwa imeleta mpango wa uchaguzi ulioitwa kura tatu. Kila mpiga kura alilazimika kuchagua watu watatu kwa mara moja: Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Asiyechagua wote watatu kura yake ilihesabiwa kuwa imeharibika. Tena hakupiga kura kila mtu. Ilitakiwa uwe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya sekondari, au cheo cha namna fulani. Basi mvuvi na mkulima wa kawaida walikuwa nje kabisa.

Mkutano wa Tabora uligawanyika. Nyerere akawaambia wenzake kwamba mpango ni mbaya, lakini wakiususia viti vitachukuliwa na chama cha UTP, ambacho serikali ya kikoloni ilikitazama kwa jicho zuri. Mwishowe mkutano ukakubali kuingia. Mtemvu hakukubali. Akatoka, na mwaka ule ule wa 1958 akaanzisha chama chake, African National Congress. Neno lake lilikuwa fupi na kila mtu alilielewa: Afrika ni ya Waafrika, na vyeo vya nchi viwe vya Waafrika.

Je, watu walimfuata? Uchaguzi wa Agosti 1960 unajibu. Chama cha Mtemvu kilipata kura 337 nchi nzima. Narudia: 337, wala si elfu. Ndugu zangu, zipo harusi pale Lindi zenye watu wengi kuliko hao. TANU ilichukua viti 70 katika viti 71, na hicho kimoja kilichobaki, cha Mbulu, alikitwaa Herman Sarwatt, mwana-TANU aliyesimama peke yake dhidi ya mtu aliyeteuliwa na chama.

Lakini tazameni jambo moja ambalo watu hulipita. Katika viti hivyo 71, viti 58 havikuwa na mashindano hata kidogo. Mgombea alisimama mmoja tu, akapita. Kwa hiyo kura zilipigwa katika sehemu 13 peke yake. Watu wengi sana walioishi wakati ule hawakushika karatasi ya kura mwaka 1960, na kabla yake masharti ya kura tatu yaliwazuia. Kwa hao, siku ya kwanza maishani kumchagua mtu wa kuongoza nchi ilikuwa ile ya Novemba 1962, ambapo kila raia mtu mzima aliyejiandikisha aliruhusiwa.

Hapa nataka tuje kwetu, pwani ya Kilwa na Lindi, kwa sababu watu wa huku waliingia katika siasa za chama wakiwa na kumbukumbu nzito.

Ugomvi wa madaraka si jambo geni Kilwa. Mreno alipofika Kilwa Kisiwani mwaka 1505 aliukuta mji una watu wa pande mbili, wanaomtaka Amiri Ibrahim aliyekuwa akitawala na wanaosema kiti si chake. Mreno akamwondoa Ibrahim, akamweka Muhammad Ankoni. Hayo ni ya kale sana. Karibu zaidi ni habari za Hassan bin Omari Makunganya, aliyewapinga Wajerumani akanyongwa Kilwa Kivinje mwezi wa Novemba 1895. Na karibu zaidi kuliko hizo ni Majimaji. Vita vilianza Julai 1905 katika vilima vya Matumbi, pale Nandete, watu walipong'oa pamba waliyolazimishwa kuilima. Mwezi uliofuata Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe akanyongwa Mohoro. Waliokufa kwa risasi walikuwa wengi, na waliokufa kwa njaa iliyofuata wakazidi.

Sasa fikirini mwaka 1955 au 1956. Mtu wa Kilwa mwenye miaka 60 wakati ule alikuwa mtoto wa miaka kumi Majimaji ilipopiganwa. Alikula mizizi ya porini. Anakuja kijana na kadi za TANU, anasema tuungane tumwambie Mzungu atuachie nchi. Mzee huyu atasema nini? Atasema, "Mwanangu, maneno haya nimeyasikia zamani, na najua mwisho wake." Huyu hakuwa mpinzani wa TANU, wala hakuwapenda Waingereza. Alikuwa na hofu, na hofu yake ilikuwa na sababu. Viongozi wa TANU walilielewa hilo, wakawa wanaeleza kwamba safari hii vita ni vya maneno na kura, havina damu. Nyerere mwenyewe, aliposema mbele ya Umoja wa Mataifa mwezi wa Desemba 1956, alizitaja vita za zamani ikiwamo Majimaji, akasema watu wale walipigana kwa kuwa hawakukubali kwamba Mzungu ana haki ya kuwatawala. Kwa watu wa kusini neno hilo lilikuwa na uzito wake. Wazee wao waliokuwa wakiitwa waasi na washirikina sasa walikuwa wanatajwa kama waliotangulia kudai uhuru.

Basi Uhuru ulipokuja tarehe 9 Desemba 1961, bila damu, huyo mzee alikuwa na deni. TANU ilikuwa imempa kitu ambacho vita havikumpa babaye. Mtu mwenye deni la namna hiyo, ukimpa karatasi ya kura mwaka mmoja baadaye, mnadhani atamchagua nani?

Lakini mwaka huo mmoja ulikuwa na mambo mengi. Hata kabla ya Uhuru, mwezi wa Oktoba 1961, wabunge walijadili sheria ya uraia. Swali lilikuwa: Mhindi, Mwarabu au Mzungu anayetaka kuwa raia wa Tanganyika, akubaliwe au uraia uwe wa Waafrika tu? Wapo wabunge wa TANU yenyewe waliosimama wakataka uraia ufuate rangi. Nyerere akakasirika, akasema serikali yake itajiuzulu kuliko kukubali neno hilo. Sheria ikapita alivyotaka. Lakini sikilizeni vizuri: yale waliyosema wabunge hao yalikuwa maneno ya Mtemvu! Mtu wa kura 337 alikuwa na wafuasi wa mawazo yake ndani ya chama kilichomshinda.

Halafu tarehe 22 Januari 1962, wiki sita tu baada ya Uhuru, Nyerere akaacha Uwaziri Mkuu, akamwachia Rashidi Kawawa, naye akaenda kuzunguka nchini kukijenga chama. Watu walishangaa. Kawawa akaharakisha jambo lililokuwa likipigiwa kelele kila mahali, la Waafrika kushika vyeo vya serikali vilivyokuwa vya Wazungu. Hapo chama cha Mtemvu kikazidi kukosa la kusema. Jembe lake lilikuwa limechukuliwa na jirani, na jirani alikuwa analilimia.

Tuje sasa kwenye siku yenyewe ya kura. Wewe unayesoma, jifanye mvuvi wa Kilwa Kivinje, Novemba 1962. Una maoni gani? Unafurahi kuwa nchi ni yako. Unaona vema Waafrika washike kazi kubwa. Lakini pia una manung'uniko. Barabara ya kwenda Dar es Salaam mvua zikinyesha haipitiki, na mto Rufiji huvukwi ila kwa kivuko. Daraja lake, linaloitwa kwa jina la Mkapa, lilifunguliwa mwaka 2003. Makao makuu ya Jimbo la Kusini yalikuwa Lindi, yakahamishiwa Mtwara katika miaka ya 1950. Ule mpango mkubwa wa karanga wa Nachingwea, ulioanza 1947 kwa kishindo, ulikuwa umekwisha anguka, na reli iliyojengwa kwa ajili yake ikaja kufungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, vyuma vikang'olewa. Maafisa wa kikoloni wenyewe walilifananisha jimbo hili na yule msichana wa hadithi za Ulaya anayeachwa jikoni wenzake wakienda karamuni.

Au jifanye mfanyakazi wa shamba la mkonge karibu na Lindi. Wewe shida yako ni mshahara. Na mwaka huo huo wa 1962 serikali yako mwenyewe imetunga sheria inayofanya mgomo kuwa mgumu sana. Viongozi wa vyama vya wafanyakazi wanagombana na serikali. Mmoja wao, Christopher Kasanga Tumbo, aliyekuwa mjumbe wa nchi London, ameacha cheo hicho akarudi kuanzisha chama chake cha upinzani.

Haya, una karatasi moja mkononi. Majina ni mawili tu. Manung'uniko ya barabara utayaweka wapi? Ya mshahara je? Mtemvu hakuwa na magari wala matawi ya kutosha, na wengi hawakupata hata kumwona. Kumchagua yeye hakuleti barabara. Unamchagua Nyerere, kwa shukrani na kwa kumwamini, kisha unarudi nyumbani na manung'uniko yako yale yale. Mhesabu kura atakuandika miongoni mwa wale 1,127,978. Hakukosea. Lakini hajui hata nusu ya yaliyo moyoni mwako.

Wale 21,276 nao nawaheshimu. Haikuwa kazi nyepesi kwenda kinyume cha kijiji kizima.

Jamhuri ikatangazwa tarehe 9 Desemba 1962, na Nyerere akaapishwa kuwa Rais. Mwezi uliofuata, Januari 1963, Halmashauri Kuu ya TANU ikaamua kwamba nchi iwe ya chama kimoja kwa sheria. Angalieni jinsi mambo yalivyokwenda kasi. Rais hajamaliza miezi miwili kitini, na tayari swali la kuwapo kwa wapinzani limekwisha kupata jibu.

Nyerere alieleza sababu zake, na si haki kuzificha. Alisema vyama viwili vina maana mahali ambapo watu wamegawanyika kweli, matajiri huku na maskini huku. Tanganyika haina mgawanyiko huo. Watu wamekwisha kuungana katika chama kimoja, basi ndani ya chama hicho wajadiliane kwa uhuru kuliko wanavyoweza wabunge wa Ulaya wanaofungwa na amri za vyama vyao. Alipenda kutoa mfano wa wazee waliokaa chini ya mti wakazungumza mpaka wakapatana. Mtu wa pwani anaujua mfano huo kwa jina la baraza. Na kweli, mwenye kukaa barazani baada ya sala ya alasiri anajua kwamba pale huzungumzwa yote: bei ya korosho, ushuru wa samaki, na diwani aliyekula fedha.

Lakini hata barazani, ndugu zangu, mtu anaweza kuondoka akaenda baraza jingine. Hapo ndipo ninapoona upungufu wa mfano ule. Mtemvu akakivunja chama chake na kurudi TANU mwaka 1963. Tumbo alikimbilia Kenya, na mwezi wa Januari 1964 akarudishwa na kuwekwa kizuizini. Sheria iliyoruhusu kumzuia mtu bila kumfikisha mahakamani ilikuwa imepitishwa Septemba 1962, hata kabla ya uchaguzi wa Rais. Waliopinga walikuwa wachache. Uchache huo ulikuwa sababu ya kuwaacha waseme, kwa kuwa hawakuweza kumwangusha mtu. Badala yake ukatumika kuwa sababu ya kuwanyamazisha. Haya ni maoni yangu, na mwanafunzi yeyote anaweza kunipinga darasani.

Wengine watasema, "Lakini mwalimu, hali ilikuwa ya hatari." Ni kweli, hatari ilikuwapo. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa kambi ya Colito, ambayo leo huitwa Lugalo, waliasi wakawakamata maofisa wao Waingereza. Walitaka mishahara zaidi na maofisa Waafrika. Mwanzoni mwa mwezi ule ule Rais alikuwa ametangaza kwamba raia wote, wa rangi yoyote, watazamwe sawa katika kazi za serikali, na jambo hilo halikuwapendeza wengi. Mnaona? Lile neno la mwaka 1958, la vyeo kwa Waafrika, limerudi tena, na safari hii limeshika bunduki. Serikali ilibidi iwaite askari wa Uingereza kuzima maasi, aibu kubwa kwa nchi huru. Baadaye viongozi wengi wa vyama vya wafanyakazi wakazuiliwa, na vyama vyao vikabadilishwa kuwa kimoja, NUTA.

Siku chache baada ya maasi, Rais akateua tume ya kutazama namna ya kuunda nchi ya chama kimoja. Mwenyekiti wake alikuwa Kawawa. Wajumbe walizunguka nchini wakipokea maoni, na watu wakasema na kuandika barua. Tume ile, hata hivyo, haikupewa kazi ya kuuliza kama wananchi wanataka chama kimoja. Hilo lilikuwa limeamuliwa. Iliulizwa tu, kiwe cha namna gani. Ni kama kumwuliza mgeni, "Utakula wali kwa samaki au wali kwa nyama?" Mgeni anayetaka muhogo hana pa kusemea.

Juu ya hayo, nisipoeleza yaliyotoka katika kazi ya tume ile nitakuwa sijafundisha historia. Katiba mpya ya Julai 1965 iliweka chama kimoja, TANU huku Bara na Afro-Shirazi kule Zanzibar, lakini iliwapa wapiga kura chaguo ambalo hawakuwa nalo mwaka 1960. Karibu kila jimbo la uchaguzi huku Bara lilipewa wagombea wawili, wote wa TANU. Walitembea pamoja, wakasema katika mikutano ile ile, na walikatazwa kutumia kabila, dini wala rangi. Na kwa kuwa wapiga kura wengi wakati ule hawakujua kusoma, kila mgombea alipewa alama: mmoja jembe, mwingine nyumba. Wewe unayejifunza kusoma leo fikiri juu ya hilo. Mtu asiyejua hata herufi moja aliweza kumwondoa waziri kwa kuweka alama yake kwenye nyumba badala ya jembe.

Na wakawaondoa! Mwezi wa Septemba 1965 mawaziri wawili walishindwa, mmoja wao Paul Bomani, Waziri wa Fedha, aliyeangushwa kwao Mwanza. Mawaziri wadogo kadhaa walianguka pia, na wabunge wengi wa zamani. Lakini kwa kiti cha Rais palikuwa na jina moja tu, ndiyo au hapana, na waliosema ndiyo walizidi 95 katika kila 100.

Linganisheni mambo hayo mawili, yaliyotokea siku moja, kwa watu wale wale, katika foleni zile zile. Kwa Rais, karibu wote ndiyo. Kwa wabunge na mawaziri wake, wengi nje. Yale manung'uniko ya mvuvi na ya mkata mkonge, ambayo mwaka 1962 hayakuwa na pa kuwekwa, sasa yalipata tundu dogo la kutokea. Yalitoka kwa nguvu. Hii ndiyo sababu yangu ya kusema kwamba zile 98 kwa 100 hazikuwa maoni ya watu. Zilikuwa heshima na shukrani kwa mtu mmoja, na chini yake maoni yalikuwa ya kila namna.

Sasa turuke miaka mingi. Mwaka 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi aliteua tume nyingine, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, na safari hii swali lilikuwa wazi: chama kimoja au vyama vingi? Tume ikasikiliza watu zaidi ya 30,000. Karibu 80 katika kila 100 wakasema chama kimoja kiendelee. Tume ikapendekeza vyama vingi, na Julai 1992 vikaruhusiwa kwa sheria. Jambo la ajabu, eh? Mwaka 1963 wachache walinyimwa chama chao kwa kuwa ni wachache. Mwaka 1992 wachache walipewa, ingawa bado walikuwa wachache. Mimi naona la pili lilikuwa na hekima zaidi, na pwani yetu inaonyesha kwa nini.

Maana katika uchaguzi wa 2010 jimbo la Lindi Mjini lilimchagua Salum Barwany wa chama cha CUF, mtu wa kwanza mwenye ualbino kuchaguliwa na wananchi kuwa mbunge katika Tanzania. Kilwa Kusini nayo ikamchagua Selemani Bungara wa CUF. Mwaka 2015 majimbo yote mawili ya Kilwa, Kaskazini na Kusini, yakaenda CUF, na Mchinga vilevile. Watu wale wale ambao babu zao walihesabiwa katika 98 kwa 100! Manung'uniko ya kusini hayakuzaliwa siku chama cha upinzani kiliposajiliwa. Yalikuwapo muda wote. Yalikosa jina la kuandikiwa kwenye karatasi.

Na mwaka huo wa 2015 ulileta Rais mpya, John Magufuli, aliyeapishwa tarehe 5 Novemba. Tazameni tena miezi ya mwanzo ya urais. Mwezi wa Januari 2016 serikali ikatangaza kwamba mijadala ya Bunge haitarushwa moja kwa moja na televisheni ya taifa kama zamani. Sababu iliyotolewa ni gharama, na vipande vilivyorekodiwa vikawa vinatangazwa usiku. Waziri aliyelitangaza hilo, Nape Nnauye, alikuwa mbunge wa Mtama, hapa hapa mkoani Lindi. Basi mtu wa Kilwa aliyemchagua mbunge wa upinzani ili akaseme Dodoma hakuweza tena kumsikia akisema saa ile ile. Katikati ya mwaka 2016 mikutano ya hadhara ya vyama ikazuiwa, isipokuwa mbunge katika jimbo lake mwenyewe. Zuio hilo liliondolewa Januari 2023 na Rais Samia Suluhu Hassan. Katikati ya hapo, katika uchaguzi wa 2020, viti vya Kilwa vilirudi CCM, na wapinzani wakalalamika kwamba uchaguzi haukuwa wa haki.

Muda wetu unakwisha. Kwa juma hili nawapa kazi moja. Wazee waliopiga kura tarehe 1 Novemba 1962 wamebaki wachache, lakini wapo. Kama yuko mmoja mtaani kwako, nenda ukamwamkie, na ukae naye. Usimwulize alimchagua nani. Hiyo ni siri yake. Mwulize siku ile alitaka nini kutoka kwa serikali mpya, na kama alipata mahali pa kulisema. Andika majibu yake kwa mkono wako mwenyewe, mistari mitano au sita, ukaisome mbele ya darasa. Mwalimu asisahihishe maneno ya mzee, asahihishe herufi tu.